Fundi wa vipande vya figo

Katika joto la Kalemie, figo yenye uvimbe iliyotolewa mwilini haina muda wa kusubiri. Damu ikikatika, seli huanza kujila zenyewe, na vimeng'enya tunavyotaka kuvisoma huharibika. Ndiyo maana ufundi huanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji: figo hupasuliwa ili dawa ifike ndani, huzamishwa katika formalini ya asilimia 10, na saa huandikwa kwenye chupa. Anayeiandika saa ile kwa uaminifu ameshaanza kumtibu mgonjwa.

Kisha inakuja zamu ya fundi wa maabara, ambaye kazi yake naistahi sana. Kipande huchukuliwa mpakani, upande mmoja figo nzima, upande wa pili uvimbe. Maji hutolewa kwa alkoholi, na mwishowe nta hujaza nafasi yake. Kitofali cha nta hulazwa kwanza juu ya barafu, kwani nta iliyolegea hukunjamana mbele ya wembe. Fundi huzungusha gurudumu kwa mwendo uleule, na vipande vya mikroni 4 hivi hutoka vimeshikana kama utepe. Huvitandaza juu ya maji ya vuguvugu, mikunjo ikanyooka, akavipokea kwa kioo.

Sasa vipande hutiwa kingamwili inayotafuta kimeng'enya kimoja, kaboniki anhidrazi IX; kilipo, rangi ya kahawia hutokea. Mirija ya figo nzima hubaki bila rangi hiyo. Katika saratani ya seli angavu, iliyo ya kawaida zaidi kati ya saratani za figo kwa watu wazima, kwa kawaida kila seli huzungukwa na kahawia: mara nyingi jeni iitwayo VHL imeharibika, na seli inaishi kana kwamba imekosa oksijeni, hivyo huunda kimeng'enya hicho. Jinsi seli zinavyoitambua oksijeni ndiyo kazi iliyowapa Nobel ya 2019 Kaelin, Semenza na Ratcliffe, daktari wa figo wa Uingereza.

Pande zote mbili za kipande zimepita chini ya wembe mmoja na dawa moja. Figo nzima ikigeuka kahawia, fundi anajua amezidisha, anaanza upya. Akitafuta kimeng'enya kingine, neprilisini, ambacho mirija mizima inacho, na rangi isitokee, anajua dawa haikushika. Figo nzima ndiyo inayoukagua mkono wake. Kijana wa Kalemie anayesomea maabara na ajue hili: jibu la daktari haliwezi kuwa kweli kuliko kipande alichokatiwa.