Fimbo bila mfalme: tusome tena picha ya Tshibumba

Bandugu, wengi wetu tumekomaa chini ya picha hii bila kuisoma. Mzungu amesimama, kiko mdomoni. Askari mweusi ameinua fimbo. Mfungwa amelazwa chini. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1947, aliiita Colonie belge 1885-1959. Yeye na wenzake waliichora mara nyingi miaka ya 1970, na watu wakaitundika saloni.

Naileta hapa juu ya neno linalorudi kila mara tukibishana: "Demokrasia imetushinda, heri tupate mfalme mmoja mwenye nguvu." Wengine wanajibu: "Ufalme ni mambo ya zamani, tuko Jamhuri, basi." Mimi naona picha hii inawakatalia wote wawili.

Tuanze na tarehe. Mwalimu wa historia angemwekea Tshibumba alama nyekundu. Kuanzia 1885 mpaka 1908 hatukuwa koloni la Ubelgiji, tulikuwa mali ya mtu mmoja, Léopold II. Kule Brussels, kwa katiba ya 1831, amri yake haikuwa na nguvu bila sahihi ya waziri. Kwa Congo alisaini peke yake. Mtu mmoja, moyo mmoja: kule amefungwa kamba, huku ameachiliwa. Wabelgiji hawakupona kwa wema wa mfalme. Walipona kwa ile kamba. Anayetafuta mfalme mwema aanze kujibu hapo.

Lakini kosa la tarehe lina akili yake. Mwaka 1908 Ubelgiji ikachukua Congo, bunge likaingia kati. Fimbo iliisha? Hapana. Katiba yao ilisema Wabelgiji ni sawa mbele ya sheria, na mwaka 1893 walikuwa wameshaongeza kwamba makoloni yatatawaliwa kwa sheria za pekee. Serikali ilikuwa na mipaka, ndiyo, ila mipaka ilimlinda raia, na sisi hatukuhesabiwa raia. Kwa aliyelala chini, 1907 na 1909 ni siku moja. Njo maana ndani ya picha hamna mfalme hata mmoja. Kuna bendera, kuna askari, kuna fimbo. Inatosha.

Mahali ninapomkatalia Tshibumba ni kwenye 1959. Tarehe ile inafunga mlango, sawa vile fimbo iliondoka na mwenye kiko. Naelewa, alichora wakati wa Mobutu, na mnunuzi mwerevu alijua kusoma kati ya mistari. Mabadiliko ya katiba ya 1974 yalimweka Mobutu mkuu wa serikali, wa bunge na wa mahakama kwa pamoja. Rais bila taji alikuwa mfalme kuliko mfalme wa Wabelgiji. Basi jina "Jamhuri" peke yake halifungi mtu kamba.

Picha inatupunguzia lawama pia. Jicho linakwenda kwa Mzungu, tunasahau mwenye kushika fimbo ni ndugu yetu. Sisi wa Kasumbalesa tunamjua: foleni ya makamyo imelala mpakani, gari moja inapita pembeni juu mwenyewe ni "mtu wa fulani". Haihitaji mfalme.

Na mashefu wetu wa kimila? Katiba ya 2006, kifungu cha 207, inawatambua, mradi mila isipingane na katiba na sheria. Kifungu cha 12 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Wazo hilo la kumwekea mkubwa mipaka si la kuazima: kwa Baluba, bambudye walitunza historia ya ufalme na lukasa mkononi, na mfalme hakuweza kuwapuuza. Shida iko kwenye udongo. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi ni ya Serikali, ikaacha haki za wanakijiji zipangwe baadaye kwa amri ya rais. Zaidi ya miaka 40 ikapita bila amri hiyo.

Hapa nasema kama agronome. Udongo wetu wa Katanga una asidi, unataka chokaa, na chokaa inarudisha faida yake kwa misimu kadhaa. Nani atamwaga chokaa kwenye shamba analoshikilia kwa neno la shefu tu, wakati kesho mwenye pesa anaweza kuja na karatasi kutoka mjini? Kijana anapanda paka mahindi ya msimu mmoja, anavuna kidogo, tunamwita mvivu.

Kwa hiyo, tukibishana tena, tuache kuuliza nani atawale. Tuulize maswali mawili: nani anaweza kumwambia hapana, na ile hapana inamlinda nani? Kama inamlinda mkubwa mwenzake tu, Tshibumba ameshatuchora.