Simba na Uongo wa Baba Mdogo

The Lion King (1994) niliiona utotoni, katika kibanda cha video Geita. Tulishangilia majina ya Kiswahili mpaka Scar alipomtupa kaka yake Mufasa chini ya kwato za nyumbu. Kimya!

Juzi nimeirudia hapa Shinyanga. Kumbe giza lenyewe si kile kifo. Ni Scar kumbebesha mtoto Simba kosa hilo, na mtoto anakubali.

Baba yangu alifukiwa duarani siku chache baada ya mimi kumwomba viatu vya shule. Hakuna aliyenilaumu, nilijilaumu mwenyewe.

Kasoro ni mwisho: Scar anakiri, Simba anatua mzigo. Duara halina Scar wa kukiri. Waandishi wenzangu, hadithi hiyo nani ataiandika kama si sisi?