Mlango wa Ghala la La Haye Sainte

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni 1815, mvua ilimwagika juu ya mashamba ya Waterloo, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Askari waliolala kwenye shamba la La Haye Sainte walihitaji kuni, wakaung'oa mlango mkubwa wa ghala, wakauvunja na kukokea moto. Kesho yake, katika vita vya Waterloo, Wafaransa walilikuta tundu hilo wazi, na hapo ndipo watu walipouana kwa mitutu na singe.

Mjuzi wa michezo ya vita ya mezani, anapokagua kazi ya fundi, huanza na mlango huo. Akiletewa La Haye Sainte iliyojengwa kwa mkono, hasifii kwanza vigae vya paa. Huigeuza upande wa magharibi akatazama ghala. Akikuta mlango umesimama kwenye bawaba zake, anajua fundi alinakili picha za siku hizi.

Jicho lake la pili huenda kwenye ardhi. Kilima cha Simba, kile wanachokipanda watalii, kilikamilika mwaka 1826, na udongo wake ulichimbwa palepale kwenye mwinuko ambako jeshi la Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao, lilijipanga. Meza ya 1815 yenye kilima hicho ina makosa mawili: imeongeza kisichokuwepo na imekata kilichokuwepo.

Uchunguzi wa namna hii si mpya. William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, alipotakiwa kuunda mfano wa uwanja huo mwaka 1830, alikaa La Haye Sainte miezi minane akipima ardhi. Aliwaandikia maofisa waliopigana akiwauliza vikosi vyao vilisimama wapi, na hata mazao gani yalikuwa mbele yao. Kazi yake ilionyeshwa London mwaka 1838, na leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi jijini humo.

Swali la mazao lilikuwa na maana. Rai, nafaka ya jamii ya ngano, ilikuwa imerefuka kiasi cha kumficha mtu. Kwa hiyo, mbele ya askari wa kuchezea wa urefu wa milimita 28, shamba la nyasi za milimita tano ni uwanja wa mpira tu. Mafundi wengi hukata zulia la kufutia miguu la makumbi ya nazi, nyuzi zilezile zinazosokotewa kamba pwani yetu. Zulia ni malighafi nzuri, ila lisiachwe lilivyotoka dukani. Fundi hodari hupunguza ncha zisilingane, hupaka rangi zaidi ya moja, na huficha kingo kwa udongo na majani. Ukiona mpira wa chini ya zulia umechungulia, rudisha.

Sasa pindua kazi. Kitako cha ubao wa MDF kilichopakwa gundi nyeupe upande mmoja tu hupenda kujikunja kikikauka. Kiweke juu ya kioo, bonyeza kona moja, usikilize kama kinagonga. Kagua pia kingo za kilima. Punje za lile povu jeupe la katoni za televisheni zikionekana, puti haikutosha. Vishimo kama vya jibini humaanisha rangi ya kupuliza ilifika kwenye povu lisilofunikwa, na kiyeyushi chake kikalila.

Vipimo hudanganya zaidi. Watengenezaji wengi hupima milimita 28 kutoka wayo hadi jicho, na askari husimama juu ya kitako chake mwenyewe, kwa hiyo mlango uliopigiwa hesabu kamili kwa karatasi huonekana wa watoto. Nyumba, kinyume chake, hupunguzwa upana kwa makusudi, la sivyo shamba moja lingemeza meza nzima. Upunguzaji mzuri hauonekani: ua bado una nafasi ya kikosi, na paa linanyanyuka bila kung'oa bomba la moshi.

Rangi huja mwisho. Barabara ya njano yenye vumbi inapendeza, lakini asubuhi ile ardhi ilikuwa tope. Mjuzi hutafuta kahawia nzito kwenye alama za magurudumu, na vanishi ya kung'aa kidogo pale maji yalipotuama. Kisha huchukua askari wa madini, akamsimamisha katikati ya mteremko, akaitikisa meza kwa goti.