Fundi wa Mlango wa Nissan

Matatu za Nairobi husifiwa kwa rangi. Picha za wanasoka, taa za buluu, muziki unaotikisa vioo: hayo yameandikwa mno, na wachoraji wamepata haki yao. Mimi namsifu yule anayelala kifudifudi kando ya barabara kule Kawangware, shavu karibu liguse lami, akichungulia chini ya mlango wa Nissan. (Huitwa Nissan hata ikiwa ni Toyota Hiace, abiria hana haja na jina la kiwandani.)

Mlango huo ulitoka Japani, ambako magari hupita kushoto kama huku kwetu, ndiyo maana hufungukia ukingoni mwa barabara. Lakini waliouunda hawakumwazia makanga. Kwenye njia ya 46 hufunguliwa na kufungwa kila steji, gari likiwa bado linatembea, mtu mzima akiwa amening'inia mlangoni.

Mlango hubebwa na vigurudumu mahali patatu: juu, chini, na katikati kwenye reli iliyo ubavuni mwa gari. Reli hizo si nyoofu. Mbele zimepinda kuelekea ndani, ili mlango ukifika mwisho uingie ulingane na bodi, na hapo penye kona ndipo ufundi ulipo. Nyuma pakilegea, kigurudumu cha katikati kimelika. Chini mbele pakikwaruza, mkono wa chini umechoka. Fundi hulegeza bolti, huongeza washa moja, hukaza, husukuma, husikiliza. Akinyoosha mahali pamoja, mahali pengine pawili huhama, naye huanza tena bila kulaani. Reli huoshwa kwa dizeli, kisha grisi hupakwa kidogo tu, maana ikizidi hushika vumbi ikawa msasa. Mwishowe hubana kipande cha gazeti kati ya mlango na mpira, akakivuta. Kikichomoka bure, mvua ya Aprili itapitia hapo hapo.

Kazi ya namna hii ipo hata kwenye ndege. Juu ya mabati ya Kibera hupita ndege ndogo zikishuka uwanja wa Wilson. Wako watu ng'ambo wanaojiundia ndege za namna hiyo nyumbani. Zile ziitwazo RV, zilizobuniwa na Mmarekani Richard VanGrunsven, zilizokwisha kuruka zimepita 10,000. Kifuniko cha rubani katika baadhi yake huteleza, nacho pia hushikwa mahali patatu: kigurudumu kila upande mbele, reli moja nyuma katikati. Ni plastiki angavu, na ikikatwa kwenye baridi hupasuka, kwa hiyo mjenzi hungoja joto, hata wiki nzima akitaka. Fundi wa Kawangware angeielewa kazi hiyo kwa kuitazama mara moja. Wiki ndiyo asiyopewa: gari lisilopiga trip lina mwenyewe, na mwenyewe ana simu.

Kazi ikiisha, makanga huja kujaribu. Huuvuta mlango kwa nguvu alizozoea, nao, kwa kuwa sasa ni mwepesi, huenda ukagonga hadi vioo vikalia. Hapo hudai kwamba umeharibiwa na kuomba apunguziwe bei. Fundi huufungua tena, huufunga kwa vidole viwili, kisha hutaja bei ile ile.