Pongezi kwa Nyumba ya Magomeni

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watu walimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi, na Kariakoo ikafurika. Serikali ya kikoloni ikapima viwanja ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Ndivyo Magomeni ilivyokua miaka ya 1950.

Wakoloni walipima viwanja. Mtaa waliufanya wakazi. Itazame nyumba yao: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma uani penye jiko na choo, mbele baraza. Chumba kimoja cha mwenye nyumba, vingine vya wapangaji, kila kimoja na kabila lake. Uani ndiko Mmakonde alikojifunzia utani wa Mzaramo, na mtoto akalelewa na mama sita, akachapwa na wote. (Foleni ya choo alfajiri siisifii.)

Mwalimu Nyerere, aliyeacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, alikuja kuishi Magomeni hii hii. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Baadaye mtaani ikaja dansi pale ukumbi wa DDC Kondoa, na taarabu katika hoteli ya Travertine.

Nyumba za zamani za Magomeni Kota zilibomolewa, na mwaka 2022 maghorofa mapya yakazinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Ni mazuri, yana maji ndani. Lakini pita jioni mitaa ya Mikumi au Mapipa: bao linachezwa barazani, kahawa inapita, na shikamoo haikupiti hata kama hufahamiki.