Chembe Changa

Matokeo ya damu yakirudi wodini yakionyesha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 18,000 kwa kila maikrolita, ilhali mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000, wote hushtuka. Wana haki ya kushtuka. Lakini hesabu ile ni bubu: haisemi kama uboho umeshindwa kuzalisha, au unazalisha kwa bidii huku mwili wenyewe ukiziangamiza.

Mkazi wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Kongo, hahitaji maelezo marefu. Akikuta soko limepwaya, huuliza kwanza habari za Petite Barrière, kivuko cha mpakani: leo watu wa Goma hawajavuka, au wamevuka wakanunua upesi wakarudi? Kipimo cha chembe changa huuliza vivyo hivyo, mlangoni mwa uboho.

Chembe sahani huishi siku 8 hadi 10. Siku ya kwanza hivi hubeba bado mabaki ya RNA, na hayo ndiyo yanayozitambulisha kuwa changa. Mwaka 1969 Ingram na Coopersmith waliziona kwa rangi na hadubini, katika damu ya mbwa waliopoteza damu nyingi. Leo mashine hutia rangi inayong'aa, ikamulika kwa leza, ikatoa asilimia ya zilizo changa. Zikiwa nyingi, uboho unahangaika kufidia kinachoharibiwa. Zikiwa haba, shaka inahamia kwenye uboho wenyewe. Baada ya dawa za saratani asilimia hiyo huweza kupanda kabla hesabu yenyewe haijapanda, na daktari akapata habari njema mapema.

Mashine hizo ni ghali, na maabara nyingi za kanda hii hazina. Ninachokisifu hasa ni jicho la mtaalamu wa maabara, maana hata mashine bora hudanganyika. Dawa ya EDTA, iliyomo kwenye chupa ili kuzuia damu isigande, huweza, kwa watu wachache, kuzikusanya chembe sahani mafungumafungu. Mashine hupita bila kuzihesabu, na mtu mwenye afya kabisa akaitwa mgonjwa. Mtaalamu makini haridhiki. Hupaka slaidi, huitazama hadi ukingoni mafungu yanakopenda kujificha, kisha huomba damu nyingine kwenye chupa ya sitreti, na jibu hulizidisha kwa 1.1 kwa sababu ya maji yaliyomo. Kwenye slaidi hiyohiyo ya Giemsa anayotafutia malaria, ugonjwa ambao nao hushusha chembe sahani, huona zilizo kubwa kupita kawaida. Ukubwa si ushahidi kamili wa uchanga, ila ni dokezo, naye huliandika.

Dokezo hilo lina thamani, kwa sababu chembe za kuongezewa mgonjwa ni adimu. Mfuko wa chembe sahani hudumu siku 5 tu, kwenye nyuzi 20 hadi 24, ukitikiswa muda wote. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, nchini Rwanda, lakini wachangiaji mara nyingi hawatoshi. Mwili unaoziangamiza chembe zake utaziangamiza na za mfukoni. Asipokuwa anavuja damu, mgonjwa mwenye mwili wa namna hiyo hufaidika zaidi na dawa za kutuliza kinga, na mfuko ukaenda kwa yule ambaye uboho wake umenyamaza.