Ufupi na Salamu

Kanuni za mwenendo za Debian, jumuiya ya kujitolea iundayo programu huria tangu mwaka 1993, zilipitishwa mwaka 2014. Twazisifu kwa kuagiza dhana njema, zikikumbusha kuwa wachangiaji wengi hawakuzaliwa na Kiingereza. Lakini zahimiza pia ufupi, na hapo twaona hatari. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Mkongo na Mrundi huelewana kwa Kiswahili, salamu hutangulia swali. Msimamizi wa mjadala akizihesabu kuwa porojo, mgeni atanyamaza asirudi tena. Kanuni zenyewe zaruhusu maelezo marefu yenye muhtasari. Basi, walimu wenzetu wa Nakivale na Mbarara, tufundishe ufupisho bila kuziondoa salamu.